Mkwe Haingii Chumbani

Ujiji, 27 Mei 2024

Mkwe wangu, Baba Melania,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Hakuna aliyekufa wala aliyelazwa. Ningempa Diana ujumbe akufikishie kama siku zote, lakini mkeo yuko Tabora na mtoto na masomo yake ya uuguzi, na jambo lenyewe ni la mitambo. Nikimwambia yeye akuambie wewe, litakufikia likiwa jambo jingine kabisa. Kukupigia simu nako siwezi. Nikisikia sauti yako nitanyamaza kwa heshima, nawe utanyamaza kwa heshima, na huko Mwamgongo mtandao wenyewe naambiwa mpaka mtu apande kilimani. Kwa hiyo barua hii nimemkabidhi Erasto wa boti pale Kibirizi, nikamwambia asiiweke karibu na dagaa.

Shida ni hii. Ile kompyuta ya marehemu mume wangu Leonardi iliyoko chumbani kwangu haionekani tena kwenye televisheni ya sebuleni. Uliifunga mwenyewe miaka minne iliyopita: kompyuta ndani, televisheni nje, mtu anakaa kwenye kochi anachagua picha au video anayoitaka. Nakumbuka ulivyokuwa unakaa sebuleni na laptopu yako, marehemu yuko chumbani anakusomea kwa kelele kilichoandikwa kwenye kioo, mtaa mzima unasikia. Sasa tangu msiba, televisheni inasema haioni kitu. Mwaka mzima Diana ananiambia mtandao umeharibika, nami nimekubali.

Lakini tarehe kumi na tano Juni ni misa ya mwaka. Kaka wa marehemu, Mzee Jean, anavuka ziwa kutoka Kalemie, kule Kongo. Nataka amwone Leonardi akisema kwa mdomo wake.

Najua utakayoyasema. Flashi? Tundu la flashi la televisheni mwanao Melania alilichomeka kijiko. Kuihamisha kompyuta nako ulimkataza marehemu mwenyewe, ukasema diski imezeeka, ikitikiswa inaweza kufa na kila kilichomo. Na kompyuta iko hatua mbili kutoka kitandani kwangu, na mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe, wala shemeji haingii. Basi mikono itakuwa yangu, akili iwe yako. Niandikie hatua kwa hatua, kama ninavyomwelekeza fundi mgeni kukata kola.

Mama yako mkwe,
Stephania


Mwamgongo, 30 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, haina harufu ya dagaa. Mimi sijambo, na shule haijambo, ila tuko katikati ya mitihani nami ndiye msimamizi mpaka Ijumaa ya tarehe kumi na nne. Siku hiyo nitapanda boti.

Kuhusu kompyuta, pengine tatizo ni dogo. Pengine ruta, kile kisanduku cha mtandao, imechoka. Naomba uizime, uhesabu mpaka mia, uiwashe. Kisha tazama kama televisheni imeshika mtandao wa nyumbani; pengine imeshika wa jirani. Pengine pia programu ya kompyuta inayogawa picha imejizima. Kwenye kona ya chini kulia ya kioo kuna alama ndogo ya pembetatu ya njano; kama ipo, programu inafanya kazi. Ukimaliza, zima kila kitu na uwashe upya, televisheni iwe ya mwisho.

Isipokubali, Mama, pengine tusijisumbue sana. Mzee Jean tunaweza kumwonyesha albamu. Picha za karatasi nazo ni nzuri, na mtu anazishika mkononi.

Mkweo mtiifu,
Elikana


Ujiji, 3 Juni 2024

Mkwe wangu,

Nimefanya yote. Nimehesabu mpaka mia mara mbili, maana mara ya kwanza jirani yangu Shadia aliingia kuomba limau nikapoteza hesabu. Ruta ni nzima. Televisheni imeshika mtandao wetu. Pembetatu ya njano ipo. Na televisheni bado inasema haioni kitu.

Nikuambie jambo, nawe usikasirike. Barua yako ina "pengine" nyingi. Nimekujua miaka saba na sijawahi kukusikia ukisema pengine mbele ya mtambo. Hata ile mashine yangu ya kushonea, uliigusa mara moja ukasema, kupitia kwa Diana, "Mwambie Mama ni mkanda." Ukawa ni mkanda.

Na hilo la albamu liweke kando. Nimekuficha sababu yenyewe, sasa nakuambia. Jean na Leonardi hawakusemezana miaka kumi. Mama yao alipofariki kule Kalemie, boti ya Leonardi iliharibika katikati ya ziwa, akafika siku ya tatu akakuta ameshazikwa. Alisimama pale kaburini akamwambia kaka yake mbele za watu kwamba kuanzia siku hiyo hana ndugu upande ule. Akarudi. Kila mmoja akawa anamsubiri mwenzake. Kwenye maziko ya Leonardi, Jean hakuja. Alituma salamu kwamba hawezi kumzika mtu aliyekufa anamchukia.

Lakini Leonardi hakumchukia. Alipopata ile kamera ya video ya harusi yenu, alikuwa akitoka kanisani Jumapili anakaa kwenye kiti chake uani na kusema na Jean. Amemsemesha mara kumi na nne. Ya tisa ndiyo yenye lile neno lenyewe, la kaburini. Kila mara alisema atazituma, na hakutuma. Jean ana miaka sabini na sita na moyo wake haupo sawa, nadhani hatavuka tena. Mimi nikimwambia atasema mjane ananifariji tu. Lazima amsikie mwenyewe.

Kwa hiyo niambie ugonjwa unaoujua.

Mama yako mkwe,
Stephania


Mwamgongo, 6 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara tatu, na nimeona haya. Naandika bila pengine.

Ugonjwa ni firewall. Huo ni ulinzi wa kompyuta, unaoamua nani aruhusiwe kuingia kuchukua kitu na nani afukuzwe mlangoni. Televisheni inabisha hodi kila siku na inafukuzwa. Ruta haina kosa.

Fanya hivi. Bonyeza kitufe cha kibodi chenye alama ya dirisha. Andika neno firewall. Yatatokea majina; chagua lile lenye maneno Advanced Security. Upande wa kushoto bonyeza Inbound Rules. Itafunguka orodha ndefu, kila mstari ni amri moja. Mingi ina alama ya kijani ya vema. Mstari wa juu kabisa una duara jekundu lenye mstari katikati. Weka kipanya juu yake, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua Disable Rule. Duara jekundu litafifia, na televisheni itaona kila kitu hapo hapo.

Mama, jina la ule mstari usijisumbue kulisoma. Bonyeza tu.

Naomba pia kuuliza, kwa heshima. Televisheni haijaiona kompyuta tangu wiki ya msiba, na marehemu Mzee hakuwahi kutuonyesha picha hizo za kumsemesha Jean. Umejuaje kwamba ziko kumi na nne, na kwamba ya tisa ndiyo yenye neno lenyewe?

Mkweo,
Elikana


Ujiji, 8 Juni 2024

Elikana,

Ulitegemea nini, uniambie nisisome nami nisisome?

Orodha nzima ni Kiingereza, mistari inajaa kioo na kupita, halafu ule wa juu kabisa uko kwa Kiswahili: MAMA ASIUMIE 17 JUNI. Siku mbili baada ya kumzika mume wangu. Nimeusoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikausoma tena.

Kumbe hakuna kilichoharibika. Kumbe mlifunga. Mwaka mzima nimekuwa nikiambiwa mtandao, mtandao. Nimemgombeza yule baba wa watu aliyetuuzia ruta mpaka sasa akiniona sokoni anapita njia nyingine. Binti yangu ananidanganya kwa simu, mkwe wangu ananiandikia nihesabu mpaka mia, nami mtu mzima nasimama hapa nahesabu.

Sijabonyeza. Mkono ulishafika, nikautoa, nikazima kompyuta nikaenda kushona. Nimeshona sare ya shule mkono wa kulia ukakaa kushoto. Nataka kwanza kuambiwa, tena na wewe, si na Diana. Kwa nini ulifunga, na kama ulifunga kwa wema, kwa nini hukufungua? Hivi unajua wiki imebaki moja? Swali lako nitalijibu ukishajibu langu.

Stephania


Mwamgongo, 10 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Erasto ananisubiri ufukweni nikiandika hii, na abiria wananung'unika.

Siku ya pili baada ya maziko, mchana, nilikuwa barazani na wanaume wenzangu. Mpwa wako Oswald akaona waombolezaji wamekaa kimya, akawasha televisheni, akachagua picha ya Mzee ile ya Pasaka. Mzee alikuwa anasimulia, halafu katikati akageuka akaita, "Stephania, niletee maji." Wewe ukainuka mkekani. Ulikwenda jikoni, Mama. Kupitia dirishani nilikuona unachukua kikombe. Baadaye nikasikia wanawake wanapiga kelele, nikaona umeanguka mlangoni na maji yamemwagika. Hukusema neno mpaka kesho yake. Diana alikuja barazani akilia, akaniambia, "Fanya lolote. Sauti ile isitoke tena humu ndani." Nikafungua laptopu yangu hapo hapo barazani, nikaingia kwenye kompyuta kwa mbali, nikaandika ile amri. Programu inadai kila amri ipewe jina. Hilo ndilo lililonijia.

Nilipanga iwe siku arobaini tu. Lakini nilikuwa nimelia, na nikaiandika vibaya. Badala ya kuifungia televisheni peke yake, niliifungia kila mashine isiyo chumbani, na laptopu yangu ikiwemo. Nilijifungia nje mwenyewe. Siku arobaini zilipokwisha nilijaribu kufungua nikakuta nimefukuzwa kama televisheni. Pa kuifungulia palikuwa mahali pamoja tu, chumbani kwako. Ningekuambiaje, Mama? Ningesema niruhusu niingie unapolala, nikafungue nilichokufungia kwa siri? Nikamwachia Diana aseme mtandao. Naye ameumia kwa hilo kila alipolisema. Kosa ni langu.

Usipotaka nije Ijumaa, mwambie Erasto tu, nitaelewa. Lakini bonyeza, Mama. Bonyeza kwa ajili ya Mzee Jean.

Elikana


Ujiji, 12 Juni 2024

Mkwe wangu,

Jibu langu ni fupi kwa sababu nyumba imejaa mihogo na wanawake.

Mlikosea. Hamkuona vizuri, wewe ulikuwa dirishani na Diana alikuwa anamwaga machozi. Sikuanguka kwa kuisikia sauti yake. Nilikwenda jikoni nikijua kabisa kwamba amekufa. Nilimwosha mwenyewe, ningesahau? Lakini ameita, na miaka thelathini na tisa akiita maji nimempelekea, nikasema ngoja nimpelekee na hii ya mwisho. Niliporudi na kikombe nikakuta mtu mwenye huruma ameshaizima televisheni. Hapo ndipo nilipoanguka. Mlimzima kabla sijafika.

Sasa swali lako. Wiki ya tatu nilijifungia chumbani, nikaiwasha kompyuta yenyewe, nikapapasa mpaka nikampata. Haina spika, nikanunua visikilizio vya masikioni. Tangu siku hiyo namsikiliza kila mchana baada ya chakula. Ndivyo nilivyojua kumi na nne. Sikuwaambia, maana nilijua mtasema mama amechanganyikiwa, mje mnihamishe mnipeleke Tabora. Kwa hiyo mwaka mzima wewe ulikuwa unanificha kile ambacho mimi nilikuwa nakificha kwako. Nimemsimulia Shadia, amecheka mpaka limau likamwanguka.

Nimekasirika siku mbili nzima, na nimemaliza. Mtu aliyeulizwa jina la kufuli akaandika hilo, siwezi kumkasirikia siku ya tatu.

Nimebonyeza. Duara limefifia. Televisheni imeona kila kitu.

Ijumaa uje. Ulete samaki, migebuka, hapa ufukweni Katonga wiki hii ni haba.

Mama yako mkwe,
Stephania


Mwamgongo, 17 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Nimefika salama, ziwa lilikuwa tulivu. Asante kwa chakula, na asante kwa ile sahani uliyoniwekea kando. Diana ameniambia kwa simu kwamba mmezungumza, kwamba amelia na wewe umemcheka.

Kwenye misa nilimtazama Mzee Jean. Alikaa benchi la mwisho kama mtu asiyealikwa, na nyumbani alikula amesimama. Jumapili asubuhi ilinibidi niwahi boti, kuna karatasi za mitihani za kusahihisha, na nilipoaga alikuwa bado ameketi uani ameipa nyumba mgongo. Aliniambia, "Kijana, mimi nimekuja kwa kaburi. Kwa nyumba sijakuja." Nimeondoka roho ikiwa nzito. Naomba uniandikie. Aliingia?

Mkweo,
Elikana


Ujiji, 20 Juni 2024

Mwanangu Elikana,

Aliingia.

Jumapili mchana wageni walipotawanyika nilimbembeleza mpaka nikachoka. Hakutaka. Nikasema basi, nikamwacha pale uani, nikaingia sebuleni nikawasha televisheni, nikachagua ya kwanza, nikaongeza sauti na kufungua dirisha. Leonardi akaanza, "Jean, kaka yangu, habari za huko." Nikasikia kiti kinasogezwa. Alisimama mlangoni ya kwanza yote na ya pili yote, kofia mkononi. Ya tatu akakaa.

Tulipofika ya tisa nilitaka kutoka nimwachie, akanizuia kwa mkono. Leonardi akasema kwamba alifika siku ya tatu, udongo wa mama yao bado mbichi, na badala ya kulia akatukana, kwa sababu kulia mbele ya kaka yake kulimshinda. Akasema anaomba msamaha, na kwamba wiki ijayo atampa mtu wa boti hii picha aipeleke. Unajua jinsi alivyosema wiki ijayo, kama mtu anayejua kabisa hatafanya. Jean akaitazama televisheni, akasema kwa sauti, kwa Kiswahili chao cha Kongo, kama wamekaa wote wawili, "Juu ya nini hukuituma, weye? Juu ya nini? Mimi nilikuwa nangojea tu." Akamgombeza hivyo mpaka ya kumi ilipokwisha, nikalazimika kuirudisha maana hakusikia hata neno. Halafu akalia. Amelia vizuri, Elikana, kama watu wanavyolia kwenye maziko. Amemlilia mdogo wake na mama yake pamoja.

Boti yake ya Kalemie ilikuwa Jumatatu. Hakupanda. Jumatatu hiyo aliomba aonyeshwe ile kamera, akakaa kwenye kiti cha Leonardi uani, akaniambia niibonyeze na niondoke. Sikusikia alichosema, na sijaitazama. Nimeiingiza kwenye kompyuta mwenyewe, nimeiweka pamoja na zile kumi na nne. Sasa ziko kumi na tano. Jana amevuka, na amebeba ile albamu uliyoitaja.

Ule mstari wako sijaufuta. Nimeuacha pale juu umezimwa, maana jina lake nimelipenda.

Sasa sikia. Usiku wa jana kompyuta imeanza kutoa mlio, tik, tik, tik, na ulimwambia marehemu kwamba mlio huo ndio mwanzo wa diski kufa. Nimeogopa kuliko nilivyoogopa mwaka wote huu. Kazi hii mikono yangu haiiwezi, na barua zitachelewa. Nimefikiri, na nimeuliza wakubwa wa hapa, nao wamekuna vichwa, kwa hiyo nimeamua mwenyewe. Shule ikifungwa njoo na diski mpya. Siku hiyo nitatandika kitanda, nitatoa nguo zangu zote kabatini nizihamishie kwa Shadia, na nitalala huko huko kwake. Chumba hakitakuwa changu mpaka umalize. Utaingia mchana, mlango wazi, na ukae kadiri kazi inavyotaka.

Ukishamaliza kunakili, usiondoke upesi. Visikilizio viko juu ya meza. Kaa kwenye kiti kilicho mbele ya kompyuta, umsikilize baba mkwe wako kidogo. Wewe pia hujamlilia vizuri, ulikuwa unashughulika na mimi.

Mama yako,
Stephania